Saini Zilizoonyesha Alikokuwa Kaka yake Sista

Juni mwaka jana, katika siku zile ambazo baridi ya Iringa huwaingiza watu ndani kabla jua halijatua, bibi mmoja jirani yangu hapa Kihesa aliniita nyumbani kwake, akaniwekea mezani bahasha ya kaki iliyofungwa kwa kipande cha bandeji. Kwa zaidi ya miaka ishirini bibi huyu alimtunzia nyumba sista mmoja Mjerumani, muuguzi wa hospitali ya misheni upande wa Njombe. Sista alipofariki na kuzikwa huku huku, vitabu vyake vilibaki misheni, na sanduku lake la bati likabaki kwa bibi. Bahasha ilikuwa chini kabisa ya sanduku hilo, chini ya mashuka.

"Mwalimu, wewe unakijua Kijerumani," aliniambia. "Hizi ni za kaka yake Sista. Kila mwaka, tarehe ishirini na tatu Februari, alikuwa akimwashia mshumaa, na mimi ndiye niliyekuwa nikimletea kiberiti. Hakunieleza hata siku moja. Watu wa misheni walisema alifia Urusi, kwenye theluji. Kuna wajukuu wa ndugu zake kule Ujerumani, nataka kuwarudishia mali yao, lakini kwanza nijue nilikuwa namletea kiberiti cha nini."

Sikuweza kulikataa ombi la namna hiyo. Nilisoma Kijerumani chuoni, na kwa miaka mingi nimewatafsiria wageni wa makanisa rafiki wanaotembelea sharika zetu, lakini sikuwa nimewahi kushika hati ya kijeshi ya Ujerumani ya miaka ya vita. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi sita, na hapakuwa na barua, picha wala medali. Moja ilihusu beji ya mwendesha redio wa ndege, mbili zilikuwa hati za Msalaba wa Chuma, daraja la pili na daraja la kwanza, mbili nyingine zilikuwa za beji ya safari za vitani, ya shaba na ya fedha, na ya mwisho ilikuwa ya beji ya majeruhi. Jina lilikuwa lile lile katika zote. Silitaji hapa, kwa kuwa lina wenyewe.

Jambo la kwanza nililolielewa ni kwamba karatasi hizi zina thamani kuliko medali zenyewe, kwa mtu anayetafuta habari za mtu mmoja. Msalaba wa Chuma uliotolewa katika Vita Kuu ya Pili haukuchongwa jina la aliyetunukiwa. Ukiuokota sokoni, unaweza kuwa wa yeyote. Hapa nilimkumbuka babu yangu mzaa baba, aliyekwenda Burma na King's African Rifles akarudi na nyota ya shaba ambayo nayo haina jina. Karatasi yake ya kuachishwa jeshi ililiwa na mchwa kabla sijazaliwa, na ndiyo maana leo sijui alikuwa kampuni gani, wala alivuka mto gani. Basi mbele ya zile karatasi sita nilikaa kwa heshima, ingawa zilikuwa za mtu wa upande wa pili wa vita.

Nilidhani kazi itakuwa nyepesi: nitasoma mahali hati ilipoandikwa, nitafuata tarehe, nitapata njia yake. Lakini juu ya tarehe, pale ambapo sisi tungeandika Iringa au Makambako, hati zilikuwa na herufi mbili tu: O.U. Ni ufupisho wa neno la Kijerumani lenye maana ya makazi ya kikosi mahali kilipo. Jeshi lilificha mahali kwa makusudi, ili hati ikianguka mikononi mwa adui isiseme kikosi kimelala wapi. Kwa mtafiti wa leo, herufi hizo ni mlango uliofungwa.

Ufunguo wake ni saini. Msalaba wa Chuma, uliorejeshwa rasmi tarehe 1 Septemba 1939, siku Ujerumani ilipoivamia Poland, haukutolewa na kila ofisa aliyependa. Hati yenyewe inasema kwamba msalaba unatolewa kwa niaba ya Kiongozi na Amiri Jeshi Mkuu, na anayetia saini ni jenerali aliyekabidhiwa mamlaka hayo. Sasa, mwendesha redio mwenye cheo cha sajini hana historia iliyoandikwa popote, lakini jenerali anayo. Mahali alipokuwa jenerali, mwezi kwa mwezi, panajulikana. Kwa hiyo, ukiisoma saini sawasawa na kuiweka sambamba na tarehe, jenerali anakuonyesha kijana alipokuwa, hata kama karatasi imekataa kusema.

Ni lazima viwili hivyo viende pamoja, kwa sababu saini peke yake inaweza kukupoteza. Chukua mfano wa Albert Kesselring, aliyeongoza Luftflotte 2, moja ya majeshi makubwa ya anga ya Ujerumani. Katika kiangazi cha 1940 makao yake yalikuwa ng'ambo ya bahari inayoitenga Uingereza na bara la Ulaya. Juni 1941 alikuwa upande wa mashariki, dhidi ya Muungano wa Sovieti. Na ulipomalizika mwaka huo alikuwa amehamishiwa Italia kusimamia vita vya Mediterania. Saini moja, nchi tatu, muda usiofika miezi kumi na minane. Cheo nacho ni shahidi: Kesselring alipandishwa kuwa jemadari mkuu tarehe 19 Julai 1940, hivyo hati ya Juni mwaka huo inayompa cheo hicho ina kasoro kubwa. Vivyo hivyo kwa Ulrich Grauert, aliyeongoza I. Fliegerkorps, yaani Kikosi cha Kwanza cha Anga, na kuuawa angani tarehe 15 Mei 1941; hati yenye wino wa mkono wake na tarehe ya Juni 1941 haiwezi kuwa ya kweli. Watafiti wa hati hizi huweka orodha ndefu za makamanda na siku walizoingia na kutoka madarakani, na baada ya majuma machache nami nilikuwa na daftari langu.

Pamoja na maandalizi hayo, hati ya kwanza ilinipoteza. Ilikuwa ya Msalaba wa Chuma daraja la pili, ya Mei 1940, na chini yake palikuwa na saini ya wino mweusi, imesukwasukwa, ikifuatiwa na cheo cha kapteni. Nilihangaika nayo kwa majuma mawili nikijiuliza kapteni alipata wapi mamlaka ya kutoa msalaba. Nilikuwa nimeupuuza mstari mmoja wa taipureta uliokuwa juu ya saini hiyo: gez. Geisler. Herufi tatu hizo ni ufupisho wa neno lenye maana ya "imesainiwa". Maana yake ni kwamba nilichoshika ni nakala. Hati ya asili ilisainiwa na Geisler, na kapteni wa ofisini alipiga nakala, akaandika F.d.R., yaani kuthibitisha kwamba imenakiliwa sawasawa, kisha akatia mkono wake. Ningeshikilia ile saini ya wino tu, ningemfuata kapteni asiyejulikana mpaka leo. Kuna ufupisho wa tatu ambao anayeanza kazi hii hana budi kuujua, nao ni I.V., unaoonyesha kwamba aliyesaini amemwakilisha mkubwa wake. Herufi hizi ndogo zina uzito kuliko maneno makubwa yaliyochapwa juu yake.

Hans Ferdinand Geisler! Jina hilo lilifungua kila kitu. Alikuwa ofisa wa jeshi la majini kabla ya kuhamia Jeshi la Anga, na X. Fliegerkorps aliyoiongoza, yaani Kikosi cha Kumi cha Anga, ilikusudiwa hasa kushambulia meli. Wajerumani walipoivamia Norwei tarehe 9 Aprili 1940, ndege zake zilikuwa kule, juu ya bahari ya kaskazini, zikizisaka meli za Waingereza. Kwa hiyo kijana wetu, Mei 1940, alikuwa chini ya kamanda wa vita vya Norwei. Theluji ilikuwepo, naam, lakini haikuwa ya Urusi.

Hati ya daraja la kwanza haikuwa nakala. Tarehe yake ilikuwa ya Machi 1941, na saini ya Geisler ilikuwa ya mkono. Niliichunguza kwa kioo cha kukuzia karibu na dirisha, kwa kuwa hati nyingi za wakati ule zina saini zilizochapwa kwa mashine, na saini iliyochapwa haina uhai: weusi wake ni mmoja mwanzo hadi mwisho. Ya mkono huonyesha kalamu ilipokandamizwa na ilipoinuliwa, wino hukolea pale mistari inapokatana, na nyuma ya karatasi, ukipitisha kidole, unahisi mkwaruzo. Hii ilikuwa nao. Nilitamani pia kupima karatasi yenyewe, maana karatasi za baada ya vita hutiwa dawa ya kuzing'arisha ambayo chini ya mwanga wa urujuanimno humeta rangi ya samawati, ilhali za zamani hubaki butu. Sina maabara, ila wakala wa pesa za simu pale barabarani ana taa ya kukagulia noti, na aliniruhusu kwa ukarimu mkubwa. Karatasi zote sita zilibaki butu kama ugali wa dona. Sikuwa na shaka na uaminifu wa Sista wala wa bibi. Nilitaka tu kila ninachosema kiwe na msingi.

Machi 1941, basi, Geisler alikuwa wapi? Kuanzia mwisho wa 1940 X. Fliegerkorps ilihamishwa kutoka Norwei hadi Sisilia, makao makuu yakawa katika hoteli huko Taormina. Tarehe 10 Januari 1941 ndege zake ziliishambulia vikali Illustrious, meli ya Waingereza ya kubebea ndege, na baada ya hapo zikaendelea kuisumbua Malta na misafara ya meli. Kijana aliyekuwa kwenye baridi ya kaskazini masika yaliyotangulia, sasa alikuwa chini ya jua la Mediterania.

Hapo ningeweza kusimama, lakini mtu hodari wa kubishana angesema kwamba jenerali husaini hati za watu wengi, na si wote walihama pamoja. Ni hoja ya haki. Jibu lake limo katika hati za beji ya safari za vitani, ambazo zinataja kikosi kwa ufupi: 6./K.G. 26. Wajerumani walikuwa na utaratibu wa namba ambao ukishaujua hausahauliki. Kampfgeschwader, kikosi kikubwa cha ndege za mabomu, kwa kawaida kiligawanywa makundi matatu yenye namba za Kirumi, na kila kundi likawa na skwadroni tatu zenye namba za kawaida: ya 1 hadi ya 3 ni za kundi la kwanza, ya 4 hadi ya 6 ni za kundi la pili, ya 7 hadi ya 9 ni za kundi la tatu. Skwadroni ya 6, kwa hiyo, ni ya kundi la pili la kikosi namba 26, kikosi ambacho alama yake ilikuwa simba. Na kundi hilo la pili ndilo lililopelekwa Sisilia na ndege zake aina ya Heinkel 111. Usiku wa kuamkia 18 Januari 1941 baadhi ya ndege zake ziliruka kutoka Benghazi hadi Mfereji wa Suez, zikapambana na upepo wa mbele wakati wa kurudi, na nyingi zikaishiwa mafuta zikatua jangwani. Niliposoma hayo nilinyamaza kidogo. Kumbe huenda kaka yake Sista alilikanyaga bara letu miaka mingi kabla dada yake hajaliona.

Beji hiyo ya safari za vitani ilianzishwa tarehe 30 Januari 1941, na daraja zake zilihesabiwa kwa safari: 20 kwa shaba, 60 kwa fedha, 110 kwa dhahabu. Hati ya shaba ni ya Aprili 1941 na ya fedha ni ya Septemba mwaka ule ule. Kati yake mna safari 40 hivi katika miezi mitano, safari mbili kila juma. Niliandika hesabu hiyo pembeni mwa daftari na kuitazama kwa muda mrefu, kwa sababu kila safari ilikuwa ni watu wanne au watano ndani ya chombo kimoja, na chini yao palikuwa na meli zenye watu pia. Saini za hati hizi mbili ni za meja mmoja aliyeandika kwa mwandiko wa kale wa Kijerumani, ambao herufi e hufanana na n na herufi u huvishwa kikofia juu ili isichanganywe. Sikuhitaji kumfahamu sana. Ilinitosha kuona kwamba mkono uliosaini Aprili ndio uliosaini Septemba, yaani kijana hakuwa amehamishwa.

Jambo moja dogo lilinivutia, ingawa halibadilishi hoja. Hati ya 1940 imechapwa kwa herufi nzito zenye pembe, zile ambazo wazee wetu wa Kilutheri wanazijua kutoka Biblia za kale za wamisionari, na hati ya fedha imechapwa kwa herufi za kawaida. Januari 1941 utawala wa Hitler uliamuru herufi zile za kale ziachwe. Amri ya kisiasa inaonekana hadi katika umbo la herufi a.

Sitaki msomaji anielewe vibaya. Alama ya swastika imo katika hati hizi, na serikali iliyozitoa ndiyo iliyoua Wayahudi milioni sita. Bibi aliniuliza waziwazi kama mshumaa ule ulikuwa wa kumsifu mtu mbaya, nami nilimjibu kwamba karatasi hazisemi kilichokuwa moyoni mwa kijana, zinasema alipanda ndege za serikali hiyo zaidi ya mara sitini na akalipwa kwa misalaba miwili. Nilimweleza pia kwamba katika miaka hiyo hiyo babu yangu alikuwa na bunduki upande unaopigana na washirika wa serikali hiyo. Alitikisa kichwa, akasema, "Na Sista alikuwa dada yake." Hakuongeza neno.

Hati ya sita, ya beji ya majeruhi, ni ya rangi nyeusi, daraja la mtu aliyejeruhiwa mara moja au mbili. Haina saini ya jenerali. Imesainiwa na daktari wa kijeshi, Novemba 1941, na kwa mara ya kwanza mahali pametajwa waziwazi, maana hospitali haikuwa na haja ya kujificha: Athens. Kufikia wakati huo Geisler na makao yake walikuwa wamehamia Ugiriki, kwa hiyo daktari na jenerali wanakubaliana. Urusi haimo katika karatasi yoyote.

Nilipofika hapo niliandika Ujerumani. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za Jeshi la Anga iliteketezwa vita vilipokuwa vinaisha, lakini kumbukumbu za watu waliokufa na kupotea zilisalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu Januari 2019 ofisi iliyokuwa ikizitunza Berlin imeunganishwa na Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa. Nilijaza fomu, nikaambatisha picha za hati zote sita, nikaeleza kwa nini naamini alikuwa skwadroni ya 6 ya kikosi namba 26 hadi Novemba 1941. Nina hakika maelezo hayo yalisaidia, kwa sababu jina lake ni la kawaida sana kule, kama vile mtu akitafuta kina Mgimwa hapa kwetu bila kusema wa kijiji gani.

Jibu lilikuja baada ya miezi saba, ukurasa mmoja. Skwadroni ilikuwa ile ile. Ndege haikurudi, Januari 1942, baharini kusini mwa Krete. Watu wote waliokuwemo waliandikwa kuwa wamepotea. Juu ya taarifa hiyo, katika mstari wa kwanza ambao nusura niuruke, palikuwa na tarehe na mahali pa kuzaliwa.

Nilikwenda kwa bibi jioni ile ile. Nilimwamkia, nikaketi, nikamtafsiria ukurasa wote polepole kuanzia juu, kama unavyoanza wenyewe: jina, kisha amezaliwa tarehe 23 Februari. Aliniinulia mkono nisiendelee.

"Basi ilikuwa siku yake ya kuzaliwa," alisema. "Na mimi miaka yote nilikuwa nikimpa pole."

Alichukua ile bandeji, akafunga bahasha upya na jibu la Berlin likiwa ndani yake, akaniomba niandike anwani ya wajukuu kwa herufi kubwa, zisomeke.